Urembo wa gitare: ganda, mbao na uvumilivu

Katika miji yetu ya madini, gitare si chombo kigeni. Mu mwaka 1952, mu Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey alikamata katika mashini yake sauti na vidole vya kijana Mwenda Jean-Bosco, na wimbo wake «Masanga» ukatembea mbali sana. Tangu wakati ule, na hata mbele yake, gitare imepigwa kwenye barza, kwenye ndoa na kwenye korale. Tunajua kuisikiliza. Lakini ni watu wachache wenye kuiangalia kwa macho ya fundi.

Leo, wasomaji wetu, tukamate gitare moja na tuiangalie pole pole. Kwenye shingo, katikati ya vile vyuma vidogo vyenye kupingana, kuna nukta nyeupe. Kuzunguka tundu, kuna duara ya rangi. Pembeni ya mwili, kuna mustari mwembamba wenye kufuata mapindo yote. Mu gitare zingine unaona maua, ndege, ao jina la mutu, vyote vinang'aa sawa maji yenye kupigwa na jua.

Hivi vitu vinatoka wapi? Vinaongeza sauti? Juu ya nini vinapandisha bei? Na kijana wa kwetu anaweza kujifunza ile kazi bila kupoteza afya yake? Ndiyo maulizo ya makala hii.

SI RANGI, SI KARATASI

Mu gitare ya bei ndogo, mara mingi urembo ni rangi ao karatasi ya kubandika. Mu gitare ya fundi, ni kitu kingine kabisa. Fundi anachimba shimo ndani ya mbao, anakata kipande cha ganda ao cha mufupa chenye umbo lile lile la shimo, anakiingiza, anakishikamanisha na kole, kisha anasugua mpaka vyote viwili vinakuwa sawa. Ukipitisha kidole, husikie mupaka. Ile kazi inaitwa kupachika.

Kitu cha kwanza chenye kutumiwa ni nakre. Nakre ni sehemu ya ndani ya ganda la chaza wa bahari. Chaza wakubwa wenye kutoa nakre nyeupe na ya rangi ya zahabu wanaishi katika bahari za Australia, Indonesia na Filipino. Kuna tena konokono mukubwa wa bahari, jina lake abaloni. Ganda lake linatoa rangi ya majani, ya bluu na ya waridi kwa pamoja. Anapatikana California, Nyuzilandi, na hata kwenye pwani ya Afrika ya Kusini.

Ajabu ni kwamba nakre si jiwe la bei ya juu. Ni chokaa, ndugu ya ile chokaa tunayoijua. Lakini munyama ameipanga kwa matabaka membamba sana, moja juu ya ingine, maelfu na maelfu. Mwangaza ukiingia, unagonga kila tabaka na kurudi kwa njia mbalimbali. Kwa hiyo ukigeuza gitare kidogo, rangi inabadilika. Fundi mwenye akili anageuza kila kipande kwenye dirisha mbele ya kukikata, ili ajue upande gani utang'aa wakati mupigaji atasimama mbele ya watu.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Tuseme fundi anataka kuweka ua kwenye shingo ya gitare. Shingo ile imefunikwa na mbao nyeusi na ngumu, tuseme ebeni.

Kwanza anachora ua kwenye karatasi. Hachore tu juu ya uzuri. Anapima: vyuma vya shingo vitapita wapi? Ua likikatwa katikati na chuma, litapoteza sura. Na kama ua lina majani matano, kila jani litakuwa kipande chake, sababu ganda moja halitoe sahani kubwa. Karatasi inakatwa vipande, na kila kipande kinabandikwa juu ya sahani ya nakre. Ile sahani ni nyembamba: karibu milimetre moja na nusu.

Hapo musumeno unaingia. Ni ule mudogo wa wafua zahabu, wenye lame nyembamba sawa uzi, meno yake yanaangalia chini. Fundi anafunga kwenye meza kibao kidogo chenye mukato wa V. Nakre inalala juu ya kibao, vidole vya mukono wa kushoto vinaishika kabisa, na musumeno unapanda na kushuka katikati ya ile V. Siri ni hii: musumeno unabaki wima fasi moja, na ni nakre yenye kugeuka pole pole. Mutu mwenye kuinamisha musumeno anapata kipande chenye sura moja juu na sura ingine chini. Mutu mwenye kusukuma kwa nguvu anavunja lame, ao anavunja jani la ua ambalo alikuwa amebakiza kidogo tu kulimaliza. Lame zinavunjika mingi. Hata fundi mukubwa anazinunua kwa dazeni.

Kisha kukata, anapitisha tupa ndogo kwenye kando, mpaka majani yote matano yanakutana bila nafasi katikati. Ile ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni shimo.

Fundi anaweka ua juu ya mbao kwa tone la kole isiyo na nguvu, anafuata kando yake na ncha ya sindano, halafu analiondoa. Juu ya ebeni nyeusi, mustari wa sindano hauonekane vizuri. Anasugua unga mweupe wa chokaa. Unga unaingia ndani ya mustari, na sasa ua limeandikwa juu ya mbao. Anachimba na mashini ndogo yenye kuzunguka mbio, yenye ncha ya milimetre moja ao mbili. Mafundi wa zamani walifanya na kisu na patasi peke yake, na kuna wenye kufanya vile mpaka leo. Pembe kali zinamalizwa na kisu kwa mukono, sababu ncha yenye kuzunguka haiwezi kutoa pembe.

Kina cha shimo kinapimwa kwa uangalifu. Shimo likizidi kina, nakre itazama, na kuisawazisha utalazimika kusugua shingo yote. Likikosa kina, utasugua nakre mpaka inaisha. Na kuna mutego mwingine: shingo ya gitare mingi si bapa, imeinuka kidogo katikati. Kipande kipana kikisuguliwa kwa kufuata ile mupindo, kando zake zinapunguka kuliko katikati, na nakre nyembamba inaweza kutoboka. Kwa hiyo fundi anaiacha inatokea juu kidogo tu, kadiri ya unene wa karatasi chache.

Anajaribu kuingiza bila kole. Kipande kinapashwa kushuka kwa kusukumwa na kidole, si kwa nyundo. Kikikataa, anaondoa mbao kidogo na kujaribu tena. Anaweza kurudilia vile mara kumi. Wakati kinakubali, anachanganya kole na unga wa ebeni ile ile, anajaza, anafunga, na anaacha mpaka kesho yake. Ule unga mweusi unaficha nafasi ndogo ndogo. Juu ya mbao nyeusi, kosa la nywele moja halionekane. Juu ya mbao nyeupe, kila kosa linapiga kelele. Ndiyo maana mwanafunzi anaanzia kwenye mbao nyeusi.

Kesho yake anasawazisha na tupa, halafu na papye emeri iliyofungwa juu ya kibao kilichonyooka, toka ile yenye kukwaruza mpaka ile laini. Mwisho, kama anataka mishipa ya majani ao jicho la ndege, anachora juu ya nakre yenyewe na kichuma chenye ncha kali, anapakaa wino mweusi, na anapanguza. Wino unabaki ndani ya mistari peke yake.

NUKTA ZINA KAZI

Mutu anaweza kuzania kama nukta za shingo ni urembo bure. Hapana. Mara mingi zinawekwa kwenye nafasi ya 3, ya 5, ya 7, ya 9 na ya 12. Mupigaji, hata akiwa anaimba na kuangalia watu, anatupa jicho moja na anajua mukono wake uko wapi. Nafasi ya 12 mara mingi inapata nukta mbili, sababu pale ndipo chuma kinagawanya kamba kati kati. Kama kamba iko na santimetre 65 za kupiga, chuma cha 12 kiko kwenye santimetre 32 na nusu, na sauti inakuwa ile ile ya kamba wazi, lakini imepanda daraja zima.

MUSTARI WENYE KULINDA

Tuende sasa mpaka Cremona, muji wa Italia ambapo familia za mafundi zilitengeneza violini zenye sifa kuliko zote. Antonio Stradivari, aliyekufa kule mwaka 1737, ndiye anajulikana zaidi.

Angalia violini yoyote nzuri: karibu na kando, kama milimetre 4 toka ukingo, kuna mustari mweusi-mweupe-mweusi. Si kalamu. Ni vipande vitatu vya mbao vyembamba vilivyoshikamana, vyote pamoja havipite sana milimetre moja, vimeingizwa ndani ya mufereji wenye kina cha karibu milimetre 2. Vinapindwa kwa moto na maji vifuate umbo. Kwenye pembe, mistari miwili inakutana na kutoa ncha kali yenye kutazama kando, ambayo mafundi wanaiita mwiba wa nyuki. Kwa ule mwiba peke yake, mutu mwenye kujua anaweza kutambua mukono wa fundi.

Na ule mustari uko na kazi. Uso wa violini ni wa mbao laini ya sapini, ambayo inapasuka kwa urahisi kwa kufuata nyuzi zake. Violini ikigongwa kwenye kando, ufa unaanza kukimbia kuelekea ndani. Ukifika kwenye mustari, unakutana na mbao ingine yenye nyuzi za njia ingine, na mara mingi unasimama pale. Mu violini za bei ndogo, mustari ule umechorwa tu na rangi. Unapendeza macho kwa mbali, lakini siku ya kuanguka haulinde kitu.

Stradivari yeye mwenyewe alijua kupamba. Violini yake yenye kuitwa «Hellier», ya mwaka 1679, iko na almasi ndogo na nukta za pembe nyeupe zilizopachikwa ndani ya kole nyeusi kuzunguka mwili wote. Karatasi zake za michoro ya urembo ziko mpaka leo katika muzeo ya violini mu Cremona. Lakini katika mamia ya vyombo alivyotengeneza, vyenye urembo wa namna ile ni vichache. Violini yake ya mwaka 1716, yenye jina «Messie», yenye kulindwa mu Oxford, Uingereza, ni kati ya zile zenye kusifiwa zaidi duniani. Mwili wake una ule mustari wa kulinda, basi. Hauna maua.

DUARA LA WAHISPANIA

Mu Hispania, mafundi wa gitare walichagua mbao kuliko ganda. Duara lenye kuzunguka tundu linatengenezwa hivi: fundi anakata vijiti vyembamba kuliko vya kiberiti, vya rangi mbalimbali, vyeupe, vyekundu, vyeusi, vya majani. Anavipanga kimoja kando ya kingine kwa kufuata mchoro, na kuvishikamanisha vikae furushi moja. Ukiangalia furushi kwenye kichwa chake, unaona picha ndogo. Sasa analikata vipande vyembamba, sawa vile mama anakata mukate, na kila kipande kiko na picha ile ile. Anazungusha vile vipande katika mufereji wa duara. Kwa mbali utazania ni kitambaa kilichofumwa.

Lakini uso wa gitare ni mwembamba sana: wakati umemalizika, mara mingi ni milimetre 2 na kitu. Fundi akichimba kupita kiasi, anatoboa. Na tundu ni fasi yenye uzaifu, sababu nyuzi za mbao zimekatwa pale. Ndiyo maana mara mingi anashikamanisha kwa ndani kipande cha mbao cha kuimarisha.

Antonio de Torres, wa Almería, aliyeishi toka 1817 mpaka 1892, ndiye aliyeweka umbo la gitare ya kiklasiki tunayoijua leo. Yeye alitengeneza maduara mazuri sana. Lakini mu mwaka 1862 alifanya jambo la kushangaza: alitengeneza gitare yenye mugongo na mbavu za karatasi ya kugandishwa, na uso peke yake wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka zaidi kwenye uso. Gitare ile ingali kwenye muzeo ya muziki mu Barcelona.

Basi jibu la ulizo letu ni hili: urembo hauongeze sauti. Ukifanywa vizuri, hauiharibu. Ukifanywa vibaya, unazaifisha mbao. Kijana mumoja anaweza kusema: «Sasa kama haiongeze sauti, kujichokesha juu ya nini?» Sababu mupigaji anaishi na chombo chake maisha yote, na jicho nalo liko na haki yake. Lakini fundi wa kweli anamaliza kwanza sauti, kisha anafikiri urembo.

GITARE ZA NAZARETH

Katika Marekani, jimbo la Pennsylvania, kuna muji mudogo wenye jina Nazareth. Mu mwaka 1839, fundi mumoja Mudachi, Christian Frederick Martin, aliyezaliwa Markneukirchen mwaka 1796, alihamia kule na ateliye yake. Kampuni ya Martin ingali kule mpaka leo. Mu mwaka 1904 waliingiza katika orodha yao namba 45: gitare yenye mustari wa abaloni kuzunguka uso, mugongo na mbavu. Mu 1933 walitengeneza gitare kubwa ya namna ile, jina lake D-45, kwa muimbaji Gene Autry, na jina lake lilipachikwa kwa nakre kwenye shingo. Mpaka 1942, wakati vita vilisimamisha ile kazi, zilitoka 91 tu. Leo ni kati ya gitare za bei ya juu sana duniani.

Juu ya nini bei ile? Mustari wa abaloni hauwezi kupindwa sawa mbao, sababu ganda linavunjika. Kwa hiyo ni vipande vifupi vifupi, kimoja kinagusa kingine, vimechaguliwa ili rangi ziendelee bila kukatika. Mafundi wengi wa leo wanaweka kwanza utepe wa teflon katika mufereji, ile ile yenye kupakwa ndani ya sufuria ili chakula kisishikamane. Wanashikamanisha kando zote, kisha wanavuta utepe, na nafasi inabaki safi kwa kuingiza ganda. Hesabu saa za kazi, ndipo unaelewa bei. Mu 2004 kampuni ile ilipofikia gitare yake ya milioni moja, urembo wake ulikabiziwa Larry Robinson, fundi wa kupachika wa California.

Ni kweli, leo viwanda vikubwa vinatumia mashini yenye kuongozwa na ordinatere. Inakata ganda na kuchimba shimo bila kosa, na gitare mia zinatoka na ua moja. Hata hivyo, mutu mwenye kutaka ua lake peke yake anarudilia fundi wa mukono.

VUMBI: ADUI TUNAYEMUJUA

Hapa, wazazi na vijana, tusimame kidogo. Sisi wa miji ya madini tunajua vumbi. Tunajua wazee waliorudi nyumbani na kikohozi kisichoisha. Basi tusizanie kwamba kazi ya urembo, sababu inafanyiwa mezani, haina hatari.

Kukata nakre kunatoa unga laini sana, wenye kukaa hewani na kuingia kifuani. Unachoma pua na macho, na unaweza kuleta pumu. Mu karne ya 19, waganga wa Vienna, Austria, waliandika juu ya vijana wenye kuchonga vifungo vya nakre ambao mifupa yao ilivimba na kuuma. Walikuwa katika umri wa kukomaa, siku zote katikati ya vumbi. Vumbi la mbao nalo si unga wa muhogo: ebeni na mbao zingine ngumu zinawasha ngozi na kifua, na mu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vyenye kuleta kansa, zaidi ya pua.

Na malakiti yetu? Jiwe lile la majani, ambalo wachongaji wa Kolwezi na Likasi wanafanyia shanga na mayai ya kuuzisha, linapendeza sana ndani ya mbao nyeusi, na kuna mafundi wa ngambo wenye kulipachika katika gitare. Si gumu, linakatika vizuri. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, na vumbi lake ni sumu. Mutu asilisugue kavu ndani ya nyumba, hata siku moja.

Mashauri ni haya. Kata na sugua katika maji, ama weka tone la maji kila mara: vumbi lenye kulowana haliruke. Vaa maski ya kweli ya vumbi, yenye kushikamana na uso. Kitambaa cha kufunga mudomoni hakitoshe. Fanya kazi inje ao kwenye hewa yenye kupita. Usifagie vumbi likiwa kavu. Panguza na kitambaa chenye maji. Usipulize na mudomo. Nguo za kazi zisiingie chumbani, na mutoto asicheze chini ya meza ya kazi. Hii haigarimu feza mingi. Mapafu hayanunuliwe.

VITU VYENYE KUKATAZWA

Zamani, mafundi walitumia pembe ya tembo na gamba la kobe wa bahari. Leo hapana. Tangu mwaka 1990, mapatano ya mataifa juu ya wanyama na miti yenye kuwa hatarini yalikataza biashara ya pembe ya tembo wa Afrika kati ya inchi na inchi. Gamba la kobe wa bahari nalo limekatazwa. Mutu akikuletea kipande na kusema «ni cha zamani, hakuna neno», mwachie nacho.

Hata miti inachungwa. Tangu 2017 miti yote ya jamii ya ebeni ya kupigia filimbi na ya waridi, jina lake Dalbergia, inaomba karatasi ya ruhusa mbele ya kuvuka mupaka. Kwa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa, sheria ililegezwa mu 2019, isipokuwa kwa ule muti wa Brazili uliofungwa tangu 1992. Mu 2019 ile ile, mukula, ambao watu wa Haut-Katanga wanaujua vizuri sana, uliingia katika orodha. Fundi mwenye hekima anatumia vipande vyenye kubaki kwa maseremala. Kupachika hakuombe gogo, kunaomba kipande sawa kidole.

KWA KIJANA MWENYE KUTAKA KUANZA

Usingoje nakre ya Australia. Anza na mufupa wa ng'ombe. Kamata mufupa wa muguu kwenye soko, uchemushe mpaka mafuta yote yanatoka, uukaushe kivulini siku mingi, halafu uukate sahani ndogo, ukiwa unalowanisha kwa maji. Mufupa unatoa nukta nyeupe nzuri. Unatoa tena kile kipande chenye mikato sita ambacho kamba zinapitia juu ya shingo, na kipande cha chini chenye kubeba kamba. Katika gitare mingi za bei ndogo vile ni plastiki na vinavunjika. Mutu mwenye kujua kuvichonga vizuri anapata wateja, hata mbele ya kujua kupachika ua.

Zoezi la kwanza: kata duara kumi zenye kulingana, za milimetre 6. Zoezi la pili: pachika duara moja katika kipande cha mbao nyeusi. Funga macho na upitishe kidole. Ukisikia mupaka, anza tena. Zoezi la tatu: pachika almasi yenye pembe nne kali. Hapo utajua kama kisu chako ni kikali, na kama moyo wako unaweza kutulia. Usiguse gitare ya mutu mpaka zoezi la tatu limefanikiwa mara tano kwa kufuatana.

Na wewe muzazi mwenye kutaka kununulia mutoto gitare: mbele ya kulipa, pitisha ukucha kwenye duara ya tundu. Ikiinuka, ni karatasi. Hiyo si kosa, kama bei ni ya karatasi. Kosa ni kulipa bei ya nakre juu ya karatasi. Angalia kwanza kama shingo imenyooka, kama kamba hazikae mbali sana na shingo, kama uso hauna ufa. Mwambie mutoto apige kamba moja moja, na usikilize. Kama sauti ni nzuri na urembo hakuna, nunua. Ua linaweza kupachikwa kisha, siku mutoto atakuwa amejifunza kulichonga yeye mwenyewe.